Moyo wa Nyumba Nzima: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali mengi hutoka kwenye nyumba ambazo mtu mmoja ameshaambiwa na daktari kwamba presha iko juu, kolesteroli (aina ya mafuta yaliyomo kwenye damu) imezidi, au ameponea chupuchupu mshtuko wa moyo. Mengine hutoka kwa watu wanaotaka kujikinga mapema. Majibu yafuatayo ni ya wote, na yana msimamo mmoja: kinachopaswa kubadilika ni nyumba, si mgonjwa peke yake. Pale ambapo daktari wenu ametoa maelekezo yanayomhusu mgonjwa wenu, fuateni ya daktari.

Mgonjwa ni baba tu, sisi wengine tuko wazima. Kwa nini tubadilike wote?

Kwa sababu baba anakula chakula kinachopikwa katika jiko lenu nyote. Akitengewa sufuria yake pembeni, isiyo na chumvi, huku wenzake wanapakua kinachonukia, siku ya tatu ataomba aonje kidogo tu, na mwezi hautaisha kabla sufuria yake haijarudishwa kabatini. Msimlaumu kwa kukosa msimamo. Kutengwa wakati wa kula kunauma, na aliyepika mara mbili kila jioni naye huchoka.

Halafu huo uzima wenu mmeupima lini? Presha ya juu kwa kawaida haina dalili yoyote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wazima zaidi ya bilioni 1 wanaishi nayo, na karibu nusu yao hawajui. Hata watoto wanahusika, maana utando wa mafuta kwenye mishipa ya damu huanza kujijenga tangu utotoni na ujanani, miaka mingi kabla ya mtu kusikia maumivu ya kifua.

Upo ushahidi mzuri kwamba njia ya kubadilisha majiko inafanya kazi. Karelia Kaskazini, jimbo la Finland, lilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 miongoni mwa sehemu ambako wanaume walikufa kwa wingi zaidi kwa ugonjwa wa moyo, wengi wakiwa bado na nguvu za kufanya kazi. Mwaka 1972 ulianzishwa mradi ulioongozwa na daktari kijana, Pekka Puska. Yeye na wenzake hawakungoja watu waugue. Waliingia vijijini, wakashirikiana na vikundi vya wanawake, shule, maduka na watengenezaji wa vyakula: siagi ipungue, chumvi ipungue, mboga ziongezeke, sigara zizimwe. Baada ya miaka kama 40, vifo vya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Matibabu bora yalichangia, lakini sehemu kubwa ilitokana na kushuka kwa kolesteroli, presha na uvutaji sigara katika jamii nzima.

Mambo ni mengi. Tuanze na lipi?

Anzeni na mawili. La kwanza, watu wazima wote wa nyumba wapimwe presha ndani ya wiki moja, na namba ziandikwe. La pili, punguzeni chumvi jikoni. Nachagua chumvi kwa makusudi: haihitaji kununua kitu kipya, haihitaji muda, na anayepika anaweza kuanza leo hii.

Msianze na orodha ndefu iliyobandikwa ukutani. Familia inayokataza sukari, nyama, vyakula vya kukaanga na televisheni kwa siku moja huwa imeacha yote kabla ya mwezi kwisha. Tabia moja ikishazoeleka, ongezeni nyingine.

Tupunguze chumvi kiasi gani, na tutajuaje kwamba tunazidisha?

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani isiyofika kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hiyo ni jumla ya siku nzima, pamoja na chumvi iliyojificha kwenye mkate na vyakula vya pakiti. Watoto wanahitaji pungufu ya hapo kulingana na umri wao, na chakula cha mtoto wa chini ya mwaka mmoja kisitiwe chumvi kabisa.

Watu wengi wakiulizwa husema, "Sisi hatuli chumvi nyingi." Ipo njia rahisi ya kujua. Mkifungua pakiti mpya ya chumvi, andikeni tarehe juu yake kwa kalamu. Siku itakapoisha, chukueni uzito wa pakiti kwa gramu, mgawanye kwa idadi ya siku, kisha mgawanye tena kwa idadi ya walaji. Tuseme pakiti ya gramu 500 imeisha siku 10 katika nyumba ya watu 5. Hizo ni gramu 10 kwa kila mtu kwa siku, mara mbili ya kiwango, na bado hamjahesabu soseji, biskuti wala supu ya pakiti. Kweli, sehemu ya chumvi hiyo humwagwa na maji ya kuchemshia, lakini hesabu hii inatosha kuwaonyesha mlipo. Pakiti ijayo, lengo ni moja tu: ikae siku nyingi zaidi.

Mkishajua mlipo, punguzeni polepole. Anayepika aache kukadiria kwa kiganja, apime kwa kijiko kilekile kila siku, na kila wiki apunguze robo ya alichokuwa anaweka, mpaka afike panapofaa. Ulimi huzoea baada ya wiki chache. Baadaye, chakula cha zamani ndicho kitakachoonekana kimezidi chumvi. Limau, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, nyanya zilizoiva vizuri na majani ya giligilani husaidia sana katika kipindi cha mpito. Kidau cha chumvi kiondoke mezani kabisa. Anayeitaka aifuate jikoni, na mara nyingi hatainuka.

Jihadharini na vidonge na unga wa kuongeza ladha ya supu, pamoja na mchuzi wa soya. Vingi vina chumvi nyingi sana, na mpishi aliyepunguza chumvi kisha akaongeza hivyo hajapunguza kitu. Kwenye lebo, bidhaa yenye zaidi ya gramu 1.5 za chumvi katika kila gramu 100 ihesabuni kuwa na chumvi nyingi. Isiyozidi gramu 0.3 ina chumvi kidogo. Lebo ikitaja sodiamu, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi, badala ya chumvi yenyewe, zidisheni mara 2.5 mpate chumvi.

Chumvi ya baharini, ya mawe au ya rangi ni salama zaidi?

Hapana. Kwa moyo, chumvi ni chumvi. Tena baadhi ya hizo hazijatiwa madini joto ambayo mwili unayahitaji.

Na ile chumvi iliyopunguzwa sodiamu?

Hiyo ni kitu kingine. Sehemu ya sodiamu imebadilishwa na potasiamu, na inasaidia kushusha presha. Lakini mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa zinazozuia potasiamu kutoka mwilini, anaweza kudhurika vibaya. Kwa kuwa sufuria yenu ni moja, hakikisheni hakuna mtu wa namna hiyo nyumbani kabla ya kuinunua, na mkiwa na mjamzito au watoto wadogo muulizeni daktari kwanza.

Mafuta gani ya kupikia ni mazuri?

Yanayobaki maji maji bila joto kwa kawaida ndiyo yanayofaa: alizeti, soya, zeituni, kanola, karanga. Siagi, samli, mafuta ya nyama, ya mawese na ya nazi yana mafuta mengi ya aina inayopandisha kolesteroli mbaya, kwa hiyo yawe ya mara moja moja na kidogo. Yaliyo mabaya kuliko yote ni yale ya mimea yaliyogandishwa kiwandani, ambayo hukutwa kwenye baadhi ya majarini, keki na biskuti. Hayo hupandisha kolesteroli mbaya na kushusha ile nzuri. Kwenye lebo huandikwa kwamba mafuta "yamehaidrojenishwa kiasi".

Hata mafuta mazuri yana kiasi chake. Kijiko kimoja cha mezani kina kalori kama 120. Acheni kumimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Mimina kwanza kwenye kijiko. Mafuta yaliyokwisha kukaangia mara kadhaa, yakawa meusi na mazito, yamwagwe.

Kwa hiyo sahani nzuri kwa moyo inaonekanaje?

Nusu yake mboga na matunda. Robo nyingine nafaka isiyokobolewa au kiazi. Robo iliyobaki maharage, dengu, samaki, kuku asiye na ngozi, au nyama kidogo isiyo na mafuta. Kwa siku nzima, mtu mzima alenge angalau gramu 400 za matunda na mboga, sawa na mafungu matano ya ukubwa wa kiganja. Samaki mara mbili kwa wiki ni jambo jema, hasa wale wenye mafuta. Karanga, korosho na jamii yake ni vitafunio vizuri kama havijatiwa chumvi.

Maharage na dengu huwa havipewi heshima yake. Vina nyuzinyuzi zinazosaidia kushusha kolesteroli, vina protini, vinashibisha, na watoto wengi wanavipenda. Nyumba ikibadilisha milo miwili ya nyama kwa wiki ikaweka maharage, imeshapiga hatua.

Tunapenda chai yenye sukari. Tuache kabisa?

Si lazima kuacha. Punguzeni nusu kijiko kila baada ya wiki moja au mbili. Kiwango kinachopendekezwa ni sukari ya kuongezwa isiyozidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida, hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25, vijiko 6 hivi vya chai. Soda moja ya mililita 330 ina gramu kama 35, kwa hiyo imeshapita hapo.

Asali na juisi ya matunda zinaingia katika hesabu hiyohiyo, hata juisi mliyoikamua wenyewe nyumbani. Tunda likilika zima, sukari yake hutoka taratibu na nyuzinyuzi zake zinabaki. Maji ndiyo yawe kinywaji cha kawaida cha mezani, kwa wakubwa na wadogo.

Watoto wanakataa mboga. Tufanyeje?

Endeleeni kuwawekea, bila vita. Mtoto anaweza kuhitaji kukutana na chakula kipya mara 10 au zaidi kabla hajakikubali, na wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu au ya nne. Wekeni kidogo sana, kiasi cha kijiko, kando ya kitu anachokipenda. Akikiacha, kiondoeni bila maneno, na siku nyingine kirudi kikiwa kimepikwa vingine.

Kuna sentensi moja ningependa itoweke majumbani: "Maliza mboga ndipo upate pipi." Hapo mtoto ameshafundishwa kwamba mboga ni adhabu na pipi ndiyo zawadi. Kinachosaidia zaidi ni kumpa kazi. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuosha nyanya na kuchambua majani. Wa miaka minane, akisimamiwa, anaweza kukata tango. Aliyeikata kachumbari kwa mkono wake ataionja, japo kwa kutaka sifa tu.

Na watoto hutazama sahani yenu. Baba akisukuma mboga pembeni ya sahani, hotuba yote ya mama imekwisha nguvu.

Mtoto wetu ni mnene. Tumpunguzie chakula?

Msimfanyie hivyo peke yenu. Mtoto anakua, na mara nyingi lengo ni uzito usiongezeke haraka huku urefu ukiendelea, si kumkondesha. Mpelekeni kwa daktari au mtaalamu wa lishe. Nyumbani, badilisheni ya watu wote: vinywaji vyenye sukari visikae kwenye friji, vitafunio viwe matunda, simu na televisheni zizimwe wakati wa kula, usingizi utoshe, michezo iongezeke.

Asipewe jina la utani la mwili wake, wala asipimwe uzito mbele ya wageni, wala asilinganishwe na ndugu yake. Mtoto aliyeaibishwa hujifunza kula kwa siri, na hapo mnapoteza nafasi ya kumsaidia. Shangazi au mjomba anayependa utani wa namna hiyo aambiwe kwa adabu, pembeni, aache.

Hatuna muda wala pesa za mazoezi. Inawezekana bila kwenda jimu?

Inawezekana kabisa. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, au dakika 75 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Dakika hizo si lazima ziwe za mfululizo. Kumi asubuhi na ishirini jioni zinahesabika.

Umuhimu wa mwendo wa kila siku ulionekana mapema, tena kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1953 mtafiti Jerry Morris na wenzake walichapisha matokeo yao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, waliokaa kitini siku nzima, walipata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta waliofanya kazi ndani ya mabasi hayohayo wakipanda na kushuka ngazi. Makondakta hawakuwa wanamichezo. Kazi yao iliwatembeza tu.

Kwa familia, ninachopendekeza kwanza ni kutembea pamoja baada ya chakula cha jioni, dakika 15 au 20. Ni rahisi kukumbuka kwa sababu kumefungamana na jambo ambalo tayari mnalifanya kila siku. Pia ndipo kijana wa miaka 15 anayejibu "sawa" kwa kila swali hujikuta anazungumza, maana hamkutazamani usoni. Pale ambapo nje si salama usiku, kuna muziki na kucheza sebuleni, kuruka kamba, kupanda na kushuka ngazi, kusafisha nyumba kwa nguvu. Wote wahusike kwenye kazi za nyumbani, wavulana kwa wasichana. Kusugua sakafu ni mazoezi.

Babu na bibi wasiachwe kwenye kochi. Kusimama na kukaa kwenye kiti bila kujishika kwa mikono, mara kadhaa, kunajenga miguu na kuzuia kuanguka. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, au anayesikia maumivu ya kifua au kukosa pumzi akitembea, amuone daktari kabla ya kuanza.

Usingizi unahusiana nini na moyo?

Sana. Usiku, mwili ukilala vizuri, presha hushuka na mishipa hupumzika. Mwaka 2022 chama cha moyo cha Marekani kiliongeza usingizi kwenye orodha yake ya mambo makuu ya afya ya moyo. Watu wazima walale saa 7 hadi 9, watoto wa miaka 6 hadi 12 saa 9 hadi 12, na vijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Simu zote zichajiwe nje ya vyumba vya kulala, za wazazi zikiwa za kwanza. Anayekoroma kwa nguvu kisha akakata pumzi na kushtuka aeleze hilo hospitalini, kwani hali hiyo hupandisha presha na inatibika.

Mmoja wetu anavuta sigara, lakini huvutia dirishani.

Dirisha halitoshi. Moshi unaingia kwenye nguo, mapazia na chumba cha pili. Mtu asiyevuta anayeishi na moshi wa wengine ana hatari ya ugonjwa wa moyo iliyo juu kwa asilimia 25 hadi 30. Sheria ya nyumba iwe moja: ndani ya nyumba na ndani ya gari hakuna moshi, hata wa mgeni anayeheshimika. Shisha ni tumbaku pia. Kupita kwenye maji hakuusafishi moshi.

Anayetaka kuacha mpeni moyo kwa habari njema, kwa sababu zipo. Baada ya mwaka mmoja bila sigara, hatari yake ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hupungua kwa karibu nusu. Baada ya miaka 15 hukaribia ile ya mtu asiyevuta. Wengi hujaribu zaidi ya mara moja. Akirudia, msimsimange, muulizeni ataanza tena lini, na kama angependa dawa za kusaidia kuacha, ambazo zipo.

Glasi moja ya mvinyo si nzuri kwa moyo?

Mazungumzo hayo yamepitwa na wakati. Pombe hupandisha presha na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Asiyekunywa asianze kwa sababu ya moyo. Anayekunywa apunguze.

Mzee wetu anakataa. Anasema amekula hivi maisha yake yote.

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na halijibiwi kwa takwimu. Mzee anayeambiwa na wanawe mbele ya wajukuu kwamba anajiua kwa chumvi, anachosikia ni kwamba amevuliwa ukubwa wake. Atakataa hata kama anaamini mnachosema.

Kwanza, aongee naye mtu mmoja, faraghani, anayemsikiliza. Wakati mwingine ni mjukuu, wakati mwingine rafiki wa rika lake aliyepata kiharusi. Msiende kundi zima.

Pili, mpeni kazi badala ya marufuku. Mzee akikabidhiwa daftari la presha, awe yeye anayewapima wote Jumamosi asubuhi na kuandika namba, ataanza kufuatilia namba zake mwenyewe. "Mzee, leo yangu imesoma ngapi?" ni njia ya heshima zaidi ya kumwingiza kwenye mpango kuliko "Mzee, umekula nini tena?"

Tatu, mwacheni na vichache anavyovipenda. Kama kuna chakula kimoja ambacho ndiyo furaha yake ya wiki, kibaki, kiasi kiwe kidogo. Mkimnyang'anya vyote, atakwenda kula kwa jirani.

Hayohayo yanamfaa mwenza asiyetaka. Yaangalieni pia kutoka upande wa mpishi: katika nyumba nyingi, "familia imeamua kula vizuri" maana yake ni mtu mmoja ameongezewa kazi. Kama hakuna anayemsaidia kwenda sokoni, kumenya na kuosha vyombo, mpango hautadumu, na hapaswi kulaumiwa.

Tunapimaje presha nyumbani ili namba ziwe za kweli?

Nunueni kipimo cha kufunga mkono wa juu, si cha kifundo cha mkono, na mkanda ulingane na unene wa mkono. Mkanda mdogo husoma namba kubwa kuliko ilivyo. Nusu saa kabla ya kupima, usivute sigara, usinywe kahawa, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishana, mkono umelazwa juu ya meza usawa wa moyo, mkanda ukiwa kwenye ngozi, si juu ya nguo. Usiongee wakati kipimo kinasoma. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati, na uandike zote.

Chini ya 120/80 ni nzuri. Namba za 140/90 au zaidi hospitalini, zikijirudia siku tofauti, kwa kawaida huitwa presha ya juu; kwa vipimo vya nyumbani madaktari wengi huanza kuangalia kwenye 135/85. Kipimo kimoja kibaya baada ya ugomvi si ugonjwa. Lakini 180/120 au zaidi, tena ikiambatana na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kichwa kuuma sana au kushindwa kuongea, ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Tukibadilika vizuri, mgonjwa anaweza kuacha dawa?

Asiache mwenyewe. Presha ikishuka akiwa anameza vidonge, maana yake ni kwamba vidonge vinafanya kazi. Baadhi ya watu hupunguziwa dozi baada ya kubadili maisha, na anayeamua ni daktari akiwa na daftari lenu la namba mkononi. Kitunguu saumu na tangawizi ni viungo vizuri vya chakula, wala si mbadala wa dawa. Mitishamba yoyote anayotumia itajwe hospitalini, hasa kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Itajwe pia dawa ya maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki, kwani huweza kupandisha presha.

Kwetu ugonjwa wa moyo ni wa ukoo. Je, ndiyo basi?

Hapana, ila mchukulie hatua mapema. Mwelezeni daktari kama baba au kaka alipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya miaka 65. Ipo pia kolesteroli ya kurithi, ambayo kila mtoto wa mwenye nayo ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuipata. Hiyo haishuki vya kutosha kwa chakula peke yake na inahitaji dawa, kwa hiyo watoto wapimwe. Kaeni na wazee muandike nani alikufa kwa nini na akiwa na umri gani. Wanayoyakumbuka huwa hayapo kwenye faili lolote.

Kuna ugonjwa wa moyo unaotokana na koo la mtoto?

Ndiyo, na unazuilika. Koo linaloambukizwa na bakteria aina ya streptokoka lisipotibiwa linaweza kuleta homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali za moyo, yaani vile vilango vinavyopitisha damu. Hupata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Koo linalouma sana pamoja na homa lionwe na mhudumu wa afya, na mtoto akipewa dawa amalize dozi hata kama amepona siku ya pili.

Dalili gani kila mtu nyumbani azijue, hata watoto?

Mshtuko wa moyo: kifua kubanwa au kuelemewa kwa dakika kadhaa, maumivu yanayokwenda mkono, taya au mgongo, jasho jembamba, kichefuchefu, kukosa pumzi. Kwa wanawake maumivu ya kifua yanaweza yasiwe makali, wakasikia zaidi uchovu, kichefuchefu au maumivu ya mgongo, na hivyo kuchelewa. Kiharusi: uso umepinda upande mmoja, mkono hauinuki, maneno hayaeleweki. Kumbukeni saa dalili zilipoanza, kwa sababu daktari ataiuliza na matibabu mengine hutegemea saa hiyo. Mwenye dalili za kiharusi msimpe chakula, maji wala aspirini.

Akianguka, hajibu na hapumui kawaida, mmoja apige simu ya dharura huku mwingine akibonyeza katikati ya kifua chake kwa mikono miwili, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Tafuteni mafunzo ya huduma ya kwanza mwende pamoja na vijana wenu. Namba ya dharura, namba ya mwenye gari wa karibu, majina ya dawa za kila mgonjwa na dozi zake viandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi moja na kubandikwa mahali ambapo hata mtoto wa darasa la pili anaweza kusoma.